Sekunde Kumi na Tisa

Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa.
Nina alama ya makofi, nina alama ya kicheko,
nina kifupisho cha "wabunge wapiga meza."
Miaka kumi na minne katika kiti hiki,
chini ya saa ya ukutani inayochelewa dakika nne,
nimeandika "asante, Mheshimiwa Spika"
mara nyingi kuliko nilivyoandika jina la mama yangu.

Jumanne ile, swali la sita: maji.
Mheshimiwa Kapya Lenge, wa Katuba,
alisimama na karatasi moja, na haikuwa hotuba.
Nje malori ya shaba yalikuwa yakishuka kuelekea Kasumbalesa,
vioo vikitetemeka kama meno ya mwenye homa.
Alingoja lori la mwisho lipite.
Halikuwa la mwisho. Akaanza.

"Waziri, hii ni fakitire ya nyumba namba thelathini na tatu.
Mita za ujazo kumi na nane, mwezi wa nane.
Mwenye nyumba ni Mama Feza Kibawa, mjane.
Mdomo wa bomba lake una utando wa buibui;
nimeuona, sikuugusa.
Nina swali moja tu:
alikunywa nini?"

Waziri Mwelwa Chisenga akafunga kifungo cha koti.
Nikaandika: anamshukuru mheshimiwa kwa swali lake lenye uzito.
Nikaandika: serikali ya jimbo inalifahamu tatizo.
Nikaandika: mradi, awamu, wafadhili, na pampu
ambayo iko baharini, ambayo iko bandarini, ambayo iko mpakani,
pampu iliyotembea dunia kutushinda sote.
Vidole vyangu vinayajua maneno haya, vinayaandika
huku mwenyewe nikiwaza sombe niliyoiacha jikoni.

"Asante," akasema Kapya Lenge. "Habari za pampu nimezisikia.
Mimi niliuliza habari za Mama Feza.
Alikunywa nini?"

Waziri akafungua jalada. Akalifunga.
Akamtazama mshauri wake;
mshauri akatazama viatu.

Katika kitabu cha makarani hakuna alama ya kimya.
Nimekitafuta ukurasa kwa ukurasa:
makofi, vicheko, kelele, mbunge atoka nje.
Kimya hakimo,
kana kwamba waliotunga kitabu kile
hawakuwahi kumwona mkubwa akiulizwa swali fupi.

Nikafuata mshale mwembamba wa ile saa.
Inachelewa, lakini kuhesabu inajua.
Nikaandika: *Waziri — sekunde kumi na tisa.*

Spika akasema jibu litaletwa kwa maandishi.
Swali la saba: mbolea.

Jioni katibu aliniita, kalamu nyekundu mkononi.
"Bibi Kyabu, kumbukumbu ni ya yaliyosemwa.
Hapa hapakusemwa kitu. Futa."
Nikasema ndiyo, maana nina watoto watatu
na mshahara wa miezi miwili bado uko njiani, pamoja na pampu.
Nikafuta maneno.
Nafasi sikuifuta.

Ukurasa wa arobaini na moja una mistari kumi na tisa mitupu.
Wapiga chapa walidhani wino uliwaishia.

Mwezi wa kumi akaja mwanamke, kitambaa cheusi kichwani,
mikono ina unga wa muhogo kwenye kucha.
Akaomba kuonyeshwa mahali alipotajwa.
Nikamfunulia.
Akapitisha kidole juu ya jina lake, akateremka,
akafika pale peupe.
"Na hapa ndipo alipojibu?"
Nikamwambia ndiyo, mama, ndipo hapo.

Akavuta kiti,
akasoma kwa muda mrefu.