Dhamana ya Miaka Miwili

Mimi ndiye niliyeifasiri fomu ile,
kurasa kumi na tisa, kwa Kiswahili cha Malindi,
na kila mgonjwa anapotia sahihi
nalipwa kwa kumsomea,
polepole, hata nukta nisiiruke.

Ukurasa wa tatu ulininyima usingizi siku mbili.
Wao wameandika kitu kinachochunguzwa. Mimi nikaandika dawa.
Nimesomesha lugha hii miaka ishirini na sita:
dawa ni ile iponyayo.
Isiyoponya huitwa maji, huitwa sumu, huitwa uongo wa mganga.
Nikatafuta neno la kitu ambacho bado hakijajijua,
nikakosa. Nikaongeza "ya majaribio" nyuma yake,
kama mtu afungaye mbuzi kwa uzi wa cherehani.

Bi Mwanatumu wa Maweni alikuwa mtu wa saba.
Watatu wa kwanza walipewa tone,
watatu wa pili tone na nusu,
yeye aanzie pale wenzake walipoanza kutapika.
"Hatutafuti kukuponya," nikamsomea. "Twatafuta
mwili waweza kubeba kiasi gani."
Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya buibui.
"Nimefahamu, mwalimu. Endelea."

Daktari Mumba ana swali lake la mwisho.
"Katika watu mia kama wewe,
watakaopungua uvimbe ni wangapi?"
"Watano," akajibu. Sawasawa na fomu.
"Na wewe je?"
"Mimi ni katika hao watano, inshallah."
Hakujigamba. Alisema
kama mtu anayetaja mtaa wake.

Visanduku ni viwili: amefahamu, hajafahamu.
Inshallah haina kisanduku.
Daktari akanitazama mimi, mimi nikatazama feni.
Kalamu ikatua palipokuwa karibu.

Jumamosi nikamkuta dukani kwa Lali Bakari,
kati ya majiko ya gesi na magodoro,
anabishania dhamana ya friji.
"Mwaka mmoja hautoshi. Andika miwili.
Biashara ya barafu za ukwaju haisimami kwa mwaka."

Nikaganda.
Nimwambie tena? Nimeshamwambia.
Ninyamaze? Basi nani aliyemuuzia miaka miwili,
Lali mwenye muhuri, au mimi mwenye neno moja?
Maana katika kurasa zote kumi na tisa hili halimo:
angekata tamaa, asingekuja.
Twamwonya asitumai, kisha twampangia miadi
kwa tumaini lile lile.
Ndilo lililolipa nauli kutoka Maweni,
ndilo linalokunja mkono wa gauni tutoe damu,
na ndilo, Mola anisamehe, linalonilipa mimi.

"Mwalimu! Njoo unisomee hapa, herufi zimekuwa sisimizi."
Nikasoma. Dhamana haihusu umeme kupanda na kushuka.
Haihusu kutu ya chumvi.
Haihusu panya, haihusu mlango, haihusu taa ya ndani.
Akacheka mpaka akashika ubavu,
ule ule.
"Kama karatasi yako! Nayo ilikuwa na haihusu tele."
"Na bado wanunua?"
"Nyumbani nimeshahamisha kabati," akasema,
akamgeukia Lali, akaomba kalamu.

Sijui kama hilo ni jibu.
Usiku nikafungua ukurasa wa tatu, nikafuta dawa,
nikairudisha, nikaifuta.
Jumatatu nikamwomba daktari mambo mawili:
nilipwe kwa saa, si kwa sahihi,
na chini ya visanduku pawe na mstari mtupu,
mtu aandike kwa maneno yake anachokijua
na anachokitaka, vyote viwili, hata vikigombana.

Akasema wazo zuri. Kamati itakaa mwezi wa nane.
Mtu wa nane anakuja Jumatano.
Nilipotoka mlangoni simu ikalia mfukoni:
malipo ya mtu wa saba yameingia.