Hodi Nyuma ya Goti

Kwanza simama, namwambia Mbelwa.
Shika kiti. Tazama ile kalenda ya mkonge
ambayo hakuna aliyeibandua tangu mwaka juzi.
Nyuma ya goti nampa umeme kidogo,
mdogo kuliko hasira ya siafu,
na shavu la mguu linaruka: labeka!
Limeitika kabla mwenyewe hajajua kaguswa.
Habari haikupanda kichwani kuomba ruhusa;
iliishia mgongoni, kwenye uti,
ikageuka na jibu mkononi
kama mtoto aliyetumwa chumvi duka la jirani.

Ndivyo ulivyo mguu uliosimama.
Hodi moja, nyumba nzima inatoka nje.

Nilijipima mwenyewe kabla yake,
usiku wa zamu, ukumbi wa Bombo ukiwa mtupu,
nikiburuta nyaya kama mbuzi aliyekata kamba,
Bi Mwanakheri akisukuma mashine nyuma yangu na kucheka:
"Daktari, unajitafutia nini miguuni?"
Nilitembea. Karatasi ikaandika.
Mguu ukiwa chini, umebeba mwili,
jibu linakua taratibu, linanisaidia kuisukuma sakafu.
Mguu ukinyanyuka,
kimya.
Piga hodi. Piga tena.
Mwenyewe yumo, taa inawaka, mchuzi unanukia hadi barazani,
na haitiki.
Na asiitike! Akiitika hewani
kisigino kitavutwa juu, vidole vitainama,
na kizingiti kitakulaza kifudifudi mbele ya wakwe.

Kisha nikakimbia, ukumbi wote, kwenda na kurudi.
Hapo ndipo nilipokaa chini na ile karatasi.
Nilidhani mwenye haraka ndiye mwepesi wa kujibu.
Kumbe msuli ulikuwa unanguruma
kama mtambo wa kuchakata mkonge, kazi maradufu,
na jibu limepungua, dogo kuliko la kutembea.
Kuna bawabu ndani ya uti,
simjui jina, sijawahi kumwona,
anayezisikia hodi zote
na kuamua ipi iingie.

Mbelwa bawabu wake alikwenda na kiharusi.

Huyu alikimbia Mkwakwani
akiwa na viatu vya kuazima, vikubwa namba mbili,
vimejazwa magazeti puani.
Anasema alikuwa wa tatu. Mkewe anasema wa tano.
Sasa ninampima amesimama: labeka!
Anatembea: labeka!
Mguu uko hewani, haujagusa kitu: labeka, labeka,
na ncha ya kiatu inakwaruza saruji,
anajishika kwangu, jasho linamtoka masikioni.
"Mguu wangu," ananiambia,
"umekuwa na adabu za kijinga. Unamwitikia kila mpita njia."

Sikuwa na jibu la kitabuni.
Nikampigia mstari wa chaki kutoka benchi hadi mlangoni,
tukaanza.
Jumatatu, Jumatano, na Ijumaa kabla ya adhana.
Wiki ya sita, hatua kumi na moja.
Ya saba kati ya hizo haikukwaruza.
Niliisikia ilivyokosekana,
kama saa ya ukutani inaposita.
Aliisikia naye. Hakusema. Aliangalia chini
kama mtu aliyeokota noti na hajui ni ya nani.
Ya nane ikakwaruza.

Alfajiri nakimbia barabara ya Raskazone,
baiskeli za wauza mikate zinanipita na kengele zao.
Leo nimekanyaga ganda la chungwa,
kifundo kikapinda kidogo, mguu ukanyoosha mambo wenyewe,
na mwingine, ule uliokuwa hewani, ukapita zake
bila kugeuka.
Mita mia mbili mbele ndipo nilipoogopa.
Nikasimama karibu na ukuta wa shule,
nikajipapasa shavu la mguu. Lilikuwa moto.
Ni mangapi mwili huu umeniombea udhuru
huku mimi nikihesabu pumzi?

Ijumaa atakuja. Chaki imebaki kipande,
nitanunua nyingine.