Kisogo cha Antena

Miezi mitatu niliupima uamuzi huu
kwa kamba ya katani na chaki ya mjukuu,
katika ua wa Chang'ombe, mita nane
toka ukuta wangu hadi ukuta wa Bi Sikudhani.

Niliyoitamani kwanza ilikuwa ya mirija ya aluminiamu:
mbavu tatu, na kila ubavu vikopo vya koili
vya kuzigawa bendi.
Nzuri. Nzito. Ya kujisifia.
Lakini ikizunguka, ncha yake ingepita juu ya karo la jirani,
na Bi Sikudhani si mtu wa kupitiwa juu ya karo.
Tena Fidahussein wa Upanga, aliyekaa nayo miaka tisa,
alinionya: nyigu hujenga ndani ya vile vikopo,
na chumvi ya bahari huila mirija polepole, kama riba.
"Siku moja," akasema, "utaiita dunia,
na nyigu ndio watakaokuitikia."

Nikachagua mwavuli.
Mikono sita ya faiba, waya wa shaba ukiizunguka
tabaka kwa tabaka, bendi tano,
kilo kumi tu na ushei.
Watoto wa mtaa wakacheka:
"Babu, upepo umeupindua!"
Nikawaambia mwavuli wenu hukinga mvua isiwapate.
Wangu umepinduliwa ili ukinge sauti,
kama beseni chini ya mchirizi wa bati.

Mlingoti aliuchomelea Chubwa wa Gerezani,
bomba ndani ya bomba.
Akauliza, "Bendera ya chama gani?"
Nikamwonyesha leseni. Akaisoma yote, mpaka muhuri,
akapunguza bei kwa elfu tano.
Saruji mifuko mitatu, siku saba za kuimwagia maji,
nyaya tatu za kuukaza,
mota ya mtumba ya kuuzungusha, inayokoroma kama mgeni.
Tulipouinua, wanne kwenye kamba,
nilihesabu moja, mbili, kwa sauti isiyokuwa yangu.
Kisha mita: mawimbi yanayorudi, moja nukta tatu.
Nikaketi juu ya ndoo.

Alasiri ile, nyuzi hamsini na tano:
mtu wa Osaka akanijibu, safi,
kana kwamba yuko jikoni kwangu anatafuta kisu.
Nikageuza, Lisbon.
Nikageuza, Recife.
Hapo nikajifunza jambo ambalo karatasi ya vipimo
iliniandikia kwa tarakimu nisilielewe:
antena hii ina uso,
na chenye uso kina kisogo.
Ukimtazama wa Osaka, wa Recife umempa kisogo.
Sauti yake inazama kwenye mchakacho,
naye hajakukosea lolote.

Na Nestori je?
Nestori yuko Morogoro.
Nguzo za simu tulipanda wote miaka kumi na minane,
mkanda wake wa kiuno ninao hadi leo.
Nilimwita kwa bendi zote tano,
nikazungusha mpaka mota ikapata moto.
Kimya.
Maneno yangu yalikuwa yanaruka juu ya bati lake
yakienda kwa wageni.

Uani bado upo ule waya wa zamani,
mita ishirini za shaba, toka mpapai hadi tangi la maji,
chini kiasi cha kuanikwa kanga,
na kanga huanikwa.
Nilishapanga kuukata Jumamosi.
Saa mbili usiku nikachomeka kebo yake.

"Umechelewa," Nestori akasema.
"Nilidhani umeshapata wakubwa wenzio."

Koleo nimelirudisha kabatini.
Bi Sikudhani naye, bila kuniomba,
ameongeza foronya mbili kwenye waya;
kila jioni, kabla sijamwita Nestori,
huchungulia ukutani nikabisha hodi
aje aanue.