Hesabu ya Baba

Baba alihesabu kwa Kihungaria.
Amri alitoa kwa Kiingereza,
kile Kiingereza chake chenye kokoto,
na kule nyanda za juu za Vietnam alibembeleza majeruhi
kwa Kirade alichookota mekoni mwa watu;
lakini fedha, hatua, risasi zilizobaki,
hata vidonge vya presha uzeeni,
vyote vilipita mdomoni kwa lugha ya mama yake:
egy, kettő, három,
kama mtu anayebisha mlango wake mwenyewe
polepole, asiwaamshe waliomo.

Alikuwa Kálmán Bódis, fundi kufuli wa Győr,
miaka kumi na tisa, koti la kuazima.
Novemba ya hamsini na sita, vifaru vilipoingia,
alitoka usiku na mdogo wake Ernő,
wakashika njia ya kinamasi kwenda Austria,
matete yamekakamaa kwa baridi, maji ya magoti.
Wa nyuma ashike mkanda wa mbele.
Asigeuke mtu.
Akahesabu hatua.
Ya mia nne na kumi na mbili
akausikia mkanda wake mwepesi.

Hapo ndipo alipokomea siku zote. Ukimdadisi
atakuuliza kama gari umelibadilisha oili.

Marekani ilimpokea kwa blanketi, kahawa ya majimaji
na fomu. Alijiandikisha jeshini
kabla hajajua kuagiza mayai hotelini.
Bunduki walimpa kwanza, uraia baadaye:
jaji wa Raleigh alilitafuna jina lake mara tatu
kisha akalitema likiwa Coleman.
Akaruka na parachuti juu ya misonobari ya Carolina,
akafundisha kikosi maalumu kufungua kufuli gizani,
akapanda, nyota baada ya nyota,
kofia ya kijani imelalia sikio.
Vijana wake walimwita Kapteni Pilipili,
kwa ule unga mwekundu alioutia
hata kwenye maharage ya kopo.

Sitini na sita. Kilima hakina jina, kina namba.
Helikopta inatetemeka, imeshatoboka.
Baba anagusa vichwa: kumi na moja.
Anagusa tena. Kumi na moja.
Rubani akapiga kelele.
Baba akashuka.

Alirudi na Y Bhuat mgongoni, na mguu wake mwenyewe
ukiburura. Karatasi ya nishani inasema
"bila kujali usalama wake."
Mama, Lurleen wa Fayetteville, mtu asiyependa maneno mengi,
alisema hakukuwa na ushujaa pale,
alitaka tu hesabu itimie.
Sijui. Mama alipenda kufupisha mambo.

Ukuta ulipoanguka, mipaka ikafunguka, akaenda Győr.
Alipanga wiki tatu. Alikaa siku mbili.
Kaburi la Ernő hakuna; jina lake hakuna
hata kwenye daftari la waliokosekana.
Na hotelini mhudumu, binti wa watu, kwa adabu kabisa,
alimsifu: Mzee, unakisema vizuri Kihungaria,
ulijifunzia wapi?

Mwezi huu nimesafisha nyumba.
Nishani nimeikuta kwenye kopo la vifungo,
na chini yake, zimefungwa kitambaa cha mafuta,
funguo malaya saba za ufundi wake.
Kabatini, mikanda.
Baba alikuwa na mikanda kumi na tisa,
na suruali nne.

Makaburini askari sita waliikunja bendera,
glavu nyeupe, nyuso za watoto.
Nami nikahesabu mikunjo kimoyomoyo
kwa zile namba alizonifundisha tukicheza kibemasa
nyuma ya gereji: yeye anafumba macho, mimi nakimbia,
na daima, daima, alinitafuta kabla hajamaliza.
Egy. Kettő. Három.
Bendera ina mikunjo kumi na mitatu.
Mimi ninajua mpaka kumi.