Kungoja Joto

Jumapili Mwinjilisti Elieshi alitusimulia habari za tai
anayefikisha miaka arobaini, mdomo umepinda,
manyoya mazito kama koti la mtumba lililonyeshewa.
Huenda mwambani peke yake, akasema,
hujigonga mdomo jiweni mpaka ung'oke,
hungoja uote mwingine, hujinyonyoa kwa huo mpya,
na siku ya mia na hamsini hutoka kijana.
Kanisa zima la Mtongani likaitika amina.
Nami pia. Nina hamsini na miwili,
magoti yanalia kama bawaba,
na amina yangu ilitoka kabla sijaipima.

Jumanne kampuni ikanituma mnarani,
pale mikoko ya Kunduchi inapoanza kunywa chumvi.
"Kuna kiota juu, kinaziba antena. Kitoe."
Nikafunga mkanda. Nikapanda.

Juu kabisa: fito, matawi makavu,
kamba ya ndala ya buluu, kipande cha chandarua,
na kinda mmoja mwenye hasira ya mtoza ushuru.
Mama yake akatua kwenye chuma cha pili,
furukombe, kichwa cheupe, tumbo la rangi ya kutu,
akanitazama.
Sijawahi kutazamwa hivyo, hata na daktari.

Nami nikamkagua, maana nilikuwa na maswali ya Jumapili.
Mdomo mzima. Haujagongwa popote.
Bawa la kushoto lina pengo, unyoya umedondoka,
na hapo hapo mwingine unachomoza,
mchanga, bado umo alani.
Kumbe ndivyo. Mmoja mmoja.
Huku anaruka. Huku kuna kinda wa kulisha.
Hakuna mwamba, hakuna likizo ya miezi mitano.
Mwinjilisti, nisamehe,
nimeona muujiza mdogo kuliko wako
na umenienea.

Saa mbili wakaja kunguru,
wale wa mji wetu, wasiokosa msiba wala harusi.
Wakamdonoa mkia, wakamzomea, wakaitana.
Hakuwajibu.
Mimi ningewajibu. Nimewajibu wengi:
shemeji aliyekula kiwanja cha Boko,
mzee wa kanisa aliyesema Tusajigwe
alikufa kwa upungufu wa imani yangu.
Huyo nilimjibu mpaka sauti ikakauka,
na nyumbani kitanda kilikuwa bado nusu.

Nikaendelea na nyaya, spana mkononi, jicho kwake.
Hakuruka. Nikadhani ni mgonjwa.
Saa nne mabati ya Mtongani yakaanza kulia,
lami ikatoa mvuke,
likapanda lile joto la Dar
tunalolifuta shingoni kwa leso na kulitukana.
Ndipo akafungua mabawa.
Hakupiga hata moja. Alifungua tu,
na joto likambeba,
duara, na duara juu ya duara.
Kunguru walimfuata mpaka mzunguko wa tatu,
pumzi ikawaishia,
wakarudi jalalani kana kwamba walikuwa na miadi.

Nikabaki nimening'inia, jasho likiingia machoni.
Miaka sita, Bwana, nimekuomba uliondoe joto.
Nimefunga, nimekesha, nimetoa sadaka ya kuliondoa.
Sikujua kuwa linapandika.

Kiota sikukitoa.
Antena niliisogeza shubiri mbili upande wa barabara,
nikaandika kwenye fomu: kazi itakamilika kinda akisharuka.
Meneja alipiga simu. Alisema mengi.
Nilimsikiliza hadi mwisho, na hilo kwangu ni jipya.

Wiki hii mtandao umekuwa hafifu huku kwetu.
Hata Mwinjilisti amelalamika:
alikuwa akiongea na dada yake aliyeko Machame
simu ikakatika katikati ya baraka.
Akaniuliza mimi, fundi, kulikoni.
Nikasema tunalishughulikia.
Nitamwambia ukweli, nitamwambia.
Unyoya wa kusemea
bado umo alani.