Mashimo Mawili

Siku ya tisa tangu mvua ya kwanza
shemeji Illiassou kaja na shoka:
"Barira, huo gao wako
unakunywa mgao wa uwele."

Sikubishana. Nikahesabu hatua thelathini
kutoka shinani, nikachimba:
vumbi, vumbi, changarawe,
jembe likalia kama sufuria tupu.

Nikarudi chini ya matawi.
Udongo ukatoka mweusi, umeshikana,
baridi hadi kwenye kucha,
na buu mnene akajikunja, kaona haya jua.

"Mavi ya mbuzi tu hayo."

Na mbuzi walifuata nini hapa, Illiassou,
mwezi wa nne, Maradi nzima ikiungua?

Akakohoa. Akaomba maji.
Shoka akaliegemeza shinani, kivulini,
mpini usije ukapasuka.