Meza

Neno moja, kazi mbili.
Daktari Birindwa husema "meza, mama, meza"
huku akiusukuma mpira mweusi wenye taa kichwani,
na mama humeza machozi kwanza, kisha mpira.
Mimi huwa sipo. Meza yangu ni ya mbao,
ina doa la yodini lenye umbo la ziwa,
iko ghorofa ya chini, karibu na jenereta,
na kinachonifikia ni kichupa.

Leo vichupa viwili.
Vimekuja kwa pikipiki toka Ibanda, ndani ya mfuko wa sukari,
plasta juu yake, majina kwa kalamu inayokwaruza.
Ndani ya formalini, vinyofu vinne, vitano,
kila kimoja punje ya mtama ambayo kuku angeipita.
Watu hawaamini: mtu mzima, kilo sitini, ndoa, madeni,
anahukumiwa kwa mtama.

Navitumbukiza katika nta.
Saa tano umeme unakatika, nta inaanza kuganda,
nawasha jenereta, namlaani aliyeiba dizeli,
nakata.
Kisu kinatoa utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
unaelea juu ya maji vuguvugu, naukamata kwa kioo
kama mtu anayeopoa utando wa maziwa kwa kijiko.
Kisha rangi: zambarau kwa viini, waridi kwa vingine vyote.
Naapa, ni vizuri kutazama. Hilo ndilo linaniudhi.

Cha kwanza ni Zihalirwa, fundi mwashi wa Bagira.
Miezi mitatu kifua kinamwaka,
amekwisha kuwagawia wanawe kiwanja,
ameuza mbuzi wawili kulipia kipimo,
ameshonesha hata suti ya kuzikwa nayo.
Kwenye hadubini: kinyama kimeota kama kiganja cha mtoto,
vidole vimetulia, sakafu chini yake nzima.
Uvimbe mpole, ndivyo tunavyoandika. Mpole, kama mgeni
aliyekaa sebuleni na asiulize chumba cha kulala kiko wapi.
Alipoambiwa alinyamaza kitambo, kisha:
"Na mbuzi zangu?"

Cha pili, plasta imelowa. N, s, i, m.
Nsimire wa Bichi-Muhanzi,
anayepika bugali na sambaza nyuma ya ghala la mbao.
Kila Alhamisi nala kwake.
Nilimwona amepungua, kitenge kikizunguka kiuno mara mbili,
nikamwambia, "Mama, umekuwa msichana."
Akacheka.
Nilisema hivyo, mimi.

Nivumilie kidogo: chini ya ngozi ya umio kuna mstari,
uzi tu, daktari huutafuta kabla ya yote.
Pale Ruzizi anayevuka anaonyesha karatasi,
hata mwenye kikapu cha nyanya.
Seli hizi hazikumwonyesha mtu kitu.
Zimevuka kwa makundi, zimeshuka hadi kwenye msuli,
na huko ndani zimejiviringisha, duara ndani ya duara,
waridi linalong'aa. Kitabuni zinaitwa lulu.
Nani alizipa jina hilo? Alikuwa ameshiba, bila shaka.

Daktari akachungulia, akavua miwani, akaandika.
Mimi siruhusiwi kusema. Kazi yangu kukata.

Alhamisi nilitaka kupita njia nyingine.
Miguu ikanipeleka.
Alikuwa ameketi mbele ya sufuria, kikombe mkononi,
chai, chai tu, tangu Pasaka.
Majibu yake yangetoka kesho.
Alijua ninapofanya kazi; hakuuliza.
Alinimegea bugali kubwa kuliko ya siku zote,
akaongeza sambaza, akasogeza pilipili.
Nikaliviringisha tonge kiganjani, duara, duara,
nikaliangalia, mkono ukagoma kupanda.

"Kula," akasema. "Usiniogope.
Siku hizi napenda kuona watu wakimeza."